Kiti cha Nyuma: Historia ya Ndege na Watu wa Bonde la Ufa

Kuna picha ambazo huzunguka mtandaoni kila baada ya miezi michache. Ndani ya ndege, watu wamevaa suti na tai. Meza ina kitambaa cheupe, mhudumu anakata nyama kando ya abiria, na mama mmoja ameegemea dirisha kubwa akivuta sigara kama yuko sebuleni kwake. Maelezo chini ya picha huwa yale yale: ati hivi ndivyo watu walivyosafiri kabla ndege hazijageuka matatu. Kisha kila mtu anaanza kulia. Magoti yanagonga kiti cha mbele, chakula ni cha kijiboksi, jirani amelala begani mwako kutoka Embakasi hadi Doha. Zamani ilikuwa tamu, tunasema, sisi tumezaliwa tumechelewa.

Lakini hebu tuulizane: zamani ya nani? Kwa mtu wa Nakuru, swali hili haliko mbali. Anasa hiyo ya kwenye picha ilitua hapa kwetu, kwenye Ziwa Naivasha, mwendo wa saa moja na kitu kwa mathree kutoka mjini. Tunajua ilikotoka, ilimbeba nani, na nani alibaki ufuoni akitazama. Ukiifuata stori hiyo kutoka mwanzo, kile kiti cha ikonomi tunachokitukana kinaanza kuonekana tofauti.

Ziwa lililokuwa uwanja wa ndege

Kampuni ya Kiingereza ya Imperial Airways ilianzisha safari za kuja Afrika Mashariki mwaka 1931. Mwanzoni njia iliishia Mwanza, na mwaka 1932 ikafika hadi Cape Town. Usidhani mtu alikuwa akiketi London na kushuka Nairobi. Alibadilisha ndege njiani, na kuna vipande vya safari alivyovimaliza kwa treni.

Mabadiliko makubwa yalikuja 1937. Kampuni ilileta ndege mpya za Short Empire, ndege zenye tumbo kama la mashua, za kutua majini. Zilianza safari Southampton, zikafuata Mto Nile, zikashuka Kisumu, halafu zikaelekea pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na kuendelea hadi Durban. Sababu ya kutumia maji ilikuwa rahisi. Njia nzuri za kurukia zilikuwa chache Afrika, lakini maziwa na mito tayari ilikuwapo, na haikuhitaji kujengwa.

Nairobi ilikuwa na tatizo moja: haikuwa na maji ya kutosha. Ndege ya tani kadhaa haiwezi kutua kwenye Mto Nairobi. Kwa hivyo Naivasha, iliyo kilomita tisini hivi kutoka Nairobi, ikawa bandari ya anga ya mji mkuu. Kuanzia 1937 hadi 1950 ziwa hilo lilikuwa kwenye ramani ya safari za Uingereza na Afrika Kusini.

Ndani, ndege ya Empire ilikuwa na nafasi ya abiria 24. Linganisha na matatu ya viti 14 na utaona jinsi hao watu walivyokuwa wachache. Kulikuwa na jiko, chumba cha kuvutia sigara, na sehemu ya kusimama na kutembea kando ya madirisha, ambapo mtu aliegemea ukingo akatazama tembo na mito chini yake. Usiku ndege haikuruka. Abiria walishushwa, wakalala hotelini, wakaoga, wakaondoka asubuhi. Kabla ndege kutua kwenye maziwa yetu, mashua ya injini ilitangulia kukagua maji, maana gogo moja au kiboko mmoja angeweza kupasua tumbo la ndege. Baada ya hapo abiria walivushwa hadi ufuoni, kwenye hoteli ya kando ya ziwa, kisha wakapanda gari na kuanza kukwea ukingo wa Bonde kuelekea Nairobi.

Sasa, picha zile hazionyeshi kila kitu. Ndege za siku hizo hazikuwa na mfumo wa kudhibiti hewa ndani, kwa hivyo zililazimika kuruka chini, mle mle ambamo hewa ya mchana ya Bonde la Ufa hupanda na kushuka kama barabara mbovu. Injini nne zilinguruma siku nzima. Watu walitapika, suti na yote. Safari ilichukua siku kadhaa. Mtu wa ikonomi wa leo, anayelalamikia saa nane za kukaa, anafika Ulaya kabla abiria wa 1937 hajamaliza kuvuka Sudan.

Jambo lingine ambalo picha haisemi ni kwamba mteja mkubwa wa ndege hizo hakuwa binadamu. Alikuwa barua. Mpango wa posta wa dola ya Kiingereza wa 1937 ndio uliobeba gharama, na abiria walipewa nafasi iliyobaki baada ya magunia. Weka hilo akilini, tutalirudia tukifika kwenye maua.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, shirika lililorithi njia hizo, BOAC, lilileta ndege aina ya Solent. Hizi zilikuwa na ghorofa mbili, baa, na viti 34 tu. Hapo ndipo anasa ilipofika kileleni, na hapo hapo ndipo ilipoisha. Vita vilikuwa vimeacha njia za kurukia za saruji kila mahali, na ndege za magurudumu zilikuwa na kasi zaidi na gharama ndogo. Novemba 1950 BOAC ikaacha kabisa ndege za majini. Ziwa likarudishiwa viboko.

Hesabu ya nauli

Miaka ya kwanza ya njia hiyo, nauli ya kutoka London hadi Cape Town, kwenda tu, ilikuwa kama pauni 130. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hivyo hiyo ni shilingi 2,600. Mfanyakazi Mwafrika kwenye shamba la mzungu huku Bonde la Ufa, miaka hiyo ya 1930, alilipwa kama shilingi 10 kwa mwezi. Piga hesabu. Ni miezi 260. Angefanya kazi miaka 21 na miezi 8, bila kula, bila kulipa kodi ya kichwa, bila kununua hata kiberiti, ndipo apate tikiti moja ya kwenda. Ya kurudi angeianza upya.

Na hata pesa zingepatikana, bado kulikuwa na kipande. Kila mwanaume Mwafrika aliyefika miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi zake za kazi, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kuondoka shambani kabla mwajiri kuitia sahihi kulikuwa kosa la jinai. Kwa hivyo mlowezi wa Njoro au Elmenteita aliweza kupanga likizo ya London, na mfanyakazi wake akaomba ruhusa ya kufika Nakuru mjini.

Tukumbuke pia ziwa lilifikaje mikononi mwa hao waliolitumia. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai la maji yanayochafuka. Wamaasai walilisha ng'ombe kando yake hadi mkataba wa 1904 ulipowahamisha kutoka eneo la Naivasha na Nakuru kuelekea Laikipia, na mwaka 1911 wakahamishwa tena kutoka huko. Reli ilikuwa imefika Nakuru mwaka 1900, na serikali ilitaka ardhi ya kando ya reli iwe ya walowezi. Waliofuata kama maskwota na vibarua walikuja kulima ardhi ambayo hawangeruhusiwa kuimiliki.

Chombo cha safari cha Mwafrika wa Bonde kilikuwa treni, behewa la daraja la tatu. Benchi la mbao, watu wamebanana, vikapu na kuku chini ya miguu. Daraja la kwanza lilikuwa na kitanda, shuka na behewa la kulia chakula, na kwa desturi lilikuwa la Wazungu. Wahindi wengi walikuwa daraja la pili. Mpangilio huo wa mbele, katikati na nyuma tuliujua miaka mingi kabla Mkenya wa kawaida hajaingia ndani ya ndege. Wanaolia kwamba ndege imegeuka matatu wamesahau kwamba wazee wetu hawakuwahi kukalia ile sofa. Walitoka benchi la mbao.

Mwaka 1943 hivi, familia moja ilihama kutoka Ihithe, Nyeri, ikaja kuishi kwenye shamba la mlowezi karibu na Nakuru. Baba alikuwa dereva na fundi wa magari wa mwenye shamba. Alikuja na binti mdogo aliyezaliwa 1940. Shambani hapakuwa na shule ya watoto wa wafanyakazi, kwa hivyo mwaka 1947 binti huyo akarudishwa Nyeri na mama yake ili asome. Aliitwa Wangari. Tutakutana naye tena.

Mikono ya njia

Kila mara mtu akisafiri kwa raha, kuna mtu mwingine aliyechimba njia. Barabara ya Mai Mahiu inayoshuka ukingo wa Bonde ilijengwa na mateka wa vita, Waitaliano, kuanzia 1942. Kanisa dogo walilojijengea kando ya barabara bado lipo, na madereva wa malori hulipita kila siku bila kulitazama.

Stori ya Embakasi ni chungu zaidi. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Wakikuyu waliokuwa maskwota kwenye mashamba ya Bonde la Ufa wakaanza kufukuzwa kwa maelfu, wakapakiwa kwenye malori na treni, wakapelekwa Mkoa wa Kati au kizuizini. Wakati huo huo serikali ilihitaji uwanja mpya wa ndege nje ya Nairobi, uwanja wa ndege kubwa za magurudumu zilizochukua nafasi ya zile za Naivasha. Kazi nyingi ya kuuchimba na kuusawazisha ilifanywa kwa nguvu na wafungwa na mahabusu wa Mau Mau. Walichimba juani, chini ya bunduki, kwa miaka. Uwanja ukafunguliwa mwaka 1958.

Huo ndio uwanja uliozaa JKIA. Watu waliofungwa kwa sababu ya kudai ardhi ndio waliosawazisha ardhi ili ndege zipate pa kutua. Na uwanja wenyewe sasa umepewa jina la mtu aliyekuwa mfungwa miaka hiyo hiyo. Hakuna abiria wa daraja lolote, mbele wala nyuma, anayeondoka Nairobi bila kupita juu ya jasho lao.

Ndege iliyonunuliwa kwa chai na kuku

Mwaka mmoja tu baada ya Embakasi kufunguliwa, kulitokea jambo ambalo waliopanga uwanja hawakulitarajia.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na vijana Wakenya waliokuwa na barua za kukubaliwa na vyuo vya Marekani. Wengine walikuwa tayari na ufadhili wa karo. Na bado walikuwa wamekwama nyumbani, kwa sababu ya kitu kimoja: nauli. Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuwasaidia. Iliona Makerere na vyuo vichache vya Uingereza vinatosha, na ilikuwa na wasiwasi na kijana atakayerudi na mawazo ya Kimarekani.

Tom Mboya, pamoja na wenzake kama Julius Kiano na Kariuki Njiiri, wakaiangalia hesabu upande mwingine. Tikiti moja moja ni ghali. Vipi tukikodi ndege nzima na kujaza kila kiti? Kule Marekani wakapata shirika la kuwachangishia, na watu maarufu wakatia sahihi barua ya kuomba msaada: mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier. Huku nyumbani, vijiji vikafanya sherehe za chai. Watu wakauza kuku, mbuzi, hata sehemu ya shamba, wakachangia pesa za matumizi. Septemba 1959, wanafunzi 81 wakapanda ndege moja Embakasi na kuelekea New York.

Mwaka uliofuata wafadhili walihitaji pesa zaidi, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Safari za 1960 zikabeba karibu wanafunzi 300. Mmoja wao alikuwa yule binti wa dereva wa shamba la Nakuru. Wangari, tunayemjua leo kama Wangari Maathai, alienda chuo kidogo cha masista huko Atchison, Kansas, akasomea biolojia, akaendelea Pittsburgh, akarudi mwaka 1966. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Kufikia 1963, wanafunzi wapatao 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepelekwa kwa mpango huo.

Tafakari tofauti hiyo. Miaka kumi kabla, Solent ilikuwa ikitua Naivasha na abiria 34 na baa. Kama kusafiri kwa ndege kungebaki kama kwenye picha zile tunazozipenda, Wangari angebaki Nyeri na barua yake ya chuo kwenye sanduku.

Hapa kuna jambo la kiuchumi ambalo ni rahisi kulielewa. Gharama ya kurusha ndege haibadiliki sana iwe imejaa au iko nusu: mafuta, marubani, matengenezo na ada ya kutua hulipwa vivyo hivyo. Ukizigawa gharama hizo kwa watu 24, unapata meza ya kitambaa cheupe. Ukizigawa kwa watu 200, unapata magoti yaliyobanwa na nauli ambayo ukoo unaweza kuichanga. Mashirika makubwa yaliligundua hilo miaka hiyo hiyo. Daraja la watalii lilianza juu ya Bahari ya Atlantiki mwaka 1952, na jina ikonomi likaja 1958. Mwaka huo huo wa 1952, ndege ya kwanza duniani ya jeti kubeba abiria wa kulipa, Comet ya BOAC, ilipitia Entebbe ikielekea Johannesburg ikiwa na viti 36. Mwaka 1970 Boeing 747 iliingia kazini ikiwa na mamia ya viti. Katika miaka isiyofika 20, kiti kikawa kitu cha kuhesabiwa kwa wingi, kama magunia ya mahindi.

Kilichopotea ni sofa. Kilichopatikana ni watu kama sisi kuingia ndani.

Maua kwanza

Ningesimamisha stori hapa ingekuwa na mwisho mzuri. Lakini rudi Naivasha leo, kando ya ziwa lile lile.

Kila usiku malori yenye majokofu huondoka kwenye mashamba ya maua, yanapanda Mai Mahiu au barabara ya juu, na kushusha mzigo Embakasi. Waridi lililokatwa asubuhi limewekwa majini, likapangwa kulingana na urefu wa shina, likaingizwa kwenye chumba baridi, likafungwa. Halijoto yake inachungwa njia nzima, nyuzi chache tu juu ya sifuri. Baada ya siku moja au mbili liko Uholanzi, kwenye mnada wa Aalsmeer karibu na uwanja wa Schiphol, au limefika moja kwa moja kwenye duka la Uingereza. Hakuna anayelichelewesha. Likikaa juani Embakasi saa chache, kuna mtu atapigiwa simu.

Aliyelikata anaishi Karagita au Kihoto, kwenye chumba kimoja cha mabati au mawe. Anaamka gizani kupanda basi la kampuni. Wengi wa hao akina mama wameshika maelfu kwa maelfu ya maua yaliyopanda ndege, na wao wenyewe hawajawahi kuikaribia.

Kumbuka barua za 1937 zilizopewa nafasi kabla ya abiria. Waridi limechukua kiti cha barua. Na kama barua, linategemea anga ambayo hatuitawali. Aprili 2010, volkano ya Iceland ilipofunga anga ya Ulaya, maua yalitupwa kwa tani Naivasha, na maelfu ya vibarua wakaambiwa wakae nyumbani. Machi 2020 korona ikarudia somo hilo kwa ukali zaidi. Kisha likatokea jambo ambalo mwandishi wa riwaya angeona haya kulibuni: abiria walipokosekana, Kenya Airways ikatoa viti vya abiria kwenye baadhi ya ndege zake za Dreamliner ili zibebe mizigo. Viti vya ikonomi viling'olewa ili shehena ikae mahali petu.

Mbele, nyuma, na chini

Dreamliner za Kenya Airways zina viti 234: 30 vya daraja la biashara, 204 vya ikonomi. Cha mbele kinajikunjua kuwa kitanda. Cha nyuma kina nafasi ya inchi 32 hivi kati yako na mgongo wa mwenzako. Wote mnafika dakika moja.

Kati ya wale 204 wanaoondoka Nairobi usiku, tazama ni nani wanaotoka upande wetu. Kuna mkimbiaji anayeenda mbio za barabarani Ulaya akiwa na begi moja. Kuna muuguzi anayeenda Uingereza. Kuna wazee wanaoenda kumwona mjukuu Marekani, wamebeba unga na majani chai kama hakuna maduka huko. Na kuna wasichana wa Kaptembwo, Rhonda na Free Area, wenye bahasha za kaki mikononi, wanaoenda kufanya kazi za nyumbani Saudia na nchi nyingine za Ghuba. Nakuru tuna mtaa unaoitwa London, na nauli ya kufika huko ni ya matatu. Ile London nyingine inahitaji taarifa za benki, cheti cha maadili mema, alama za vidole, na miezi ya kungoja viza. Mlowezi wa 1937 hakuulizwa hata moja ya hayo alipokuja kutua Naivasha. Kwa hivyo ukuta wa zamani haujavunjwa. Umesogezwa kutoka kwenye bei ya kiti hadi kwenye mlango wa ubalozi.

Msichana wa bahasha ya kaki amelipiwa tikiti na mtu mwingine, na kwa wengi hilo ndilo tatizo linapoanzia. Kiti alichopewa bure kinageuka deni. Wako waliofika na kukuta pasipoti inachukuliwa na mwajiri, na wakaambiwa hawawezi kuondoka kabla mkataba kuisha. Babu yake aliyevaa kipande angelielewa sharti hilo bila kutafsiriwa. Wengi wamerudi salama, wakajenga nyumba, wakasomesha wadogo zao. Wengine wamerudi chini ya sakafu ya ndege, kwenye sehemu ya mizigo, ndani ya sanduku, na familia zikachanga tena ili kuwapokea. Tukizungumzia madaraja ya ndege, hilo nalo lihesabiwe.

Hata ndoto ya Mboya imepata watu wa kuiuza. Kaskazini kidogo tu, kaunti ya Uasin Gishu ilianzisha mpango wa kupeleka wanafunzi Finland na Canada. Wazazi walilipa. Wako wanafunzi waliosafiri, lakini wengi hawakuwahi kuondoka, na mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai pesa zao. Kesi zikaenda mahakamani. Walikuwa wamefanya yale yale yaliyofanywa 1959, kuuza ng'ombe na shamba kwa ajili ya kiti kimoja. Tofauti ni kwamba safari hii ndege haikuwa ikiwangoja.

Ndiyo maana siwezi kuililia ile sofa ya kwenye picha. Malalamiko yangu yako kwingine: kwamba kiti cha nyuma, ambacho ndicho pekee kilichowahi kufunguliwa kwa ajili yetu, bado kinauzwa na walaghai, bado kinafungwa na viza, na bado kwa baadhi ya dada zetu ni njia ya kuingia kwenye shamba lingine la mtu mwingine. Hayo ndiyo ya kupigania. Nafasi ya magoti itajipa.

Usiku huu kuna grupu ya WhatsApp mahali fulani Nakuru inayochangia nauli. Mia mbili ya jirani, mia tano ya mwalimu wa zamani, elfu moja ya mjomba aliye Nairobi, na mweka hazina anayeandika majina upya kila baada ya mchango kuingia. Tikiti itakuwa ya ikonomi, karibu na choo, na itabadilisha ndege mara mbili.